Jina Aliloleta Quirino

Colle Ansano, 29 Oktoba 1978

Mwanangu Panfilo,

Salamu zikufikie wewe na mkeo Ornella, na huyo mdogo anayempiga mateke tumboni. Hamjambo huko Torino? Miguu ya Ornella bado inavimba? Mwambie aiweke juu ya kiti kila akimaliza kupika, na asiwasikilize wanaosema mimba si ugonjwa. Wanaosema hivyo wote wana ndevu. Mimi sijambo, ila mgongo. Zafarani imekwisha jana. Mwaka huu maua yalifunguka kwa mpigo mmoja, tukawa tunainama shambani kabla ya jua, halafu kutwa nzima tunachambua nyuzi mezani, mpaka vidole vimekuwa vya njano kama vya mvuta sigara. Ukiinusa barua hii utaisikia.

Nimeanza kuandika, nikachana, nikaanza tena. Basi nitasema tu. Quirino amerudi.

Quirino Di Cesidio. Baba yako. Nadhani sijawahi kukuandikia neno hilo.

Alishuka kwenye basi amevaa viatu vyeupe, katika matope haya ya Oktoba. Dada yake Iolanda hakumtambua, alidhani ni mtu wa kuuza vitabu mlango kwa mlango, akamwambia hapa hatusomi. Miaka yote hii alikuwa Venezuela. Alioa huko, mke akafariki, watoto hawakujaliwa.

Juzi akaja kwangu. Tulikuwa mezani mimi na jirani yetu Assunta na wanawake wengine, maua yamejaa mpaka kwenye viti. Akavua kofia akasema, "Ersilia, naomba ruhusa ya kukusalimu." Kabla sijafungua mdomo Assunta akamjibu, "Umechelewa sana, lakini keti, kazi bado ipo." Akaketi, Panfilo. Akachambua maua, vibaya mno, anachanganya nyuzi nyekundu na za njano, na wanawake wanamtazama kama ng'ombe mnadani.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi mlangoni. Hapo ndipo akaniambia anataka kwenda manispaa akutambue kisheria, ulichukue jina lake, uwe Panfilo Di Cesidio. Karani amemwambia wewe ni mtu mzima, bila ridhaa yako hakuna linalofanyika. Akaniomba nikuulize. Nami nakuuliza, sina neno langu ndani yake. Sikupiga simu kwa sababu simu ya pale baa ina masikio mengi kuliko watu.

Mama yako,
Ersilia

*

Torino, 8 Novemba 1978

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima na nakuombea mgongo upate nafuu. Ornella hajambo, miguu bado kama mikate. Mimi mzima, kifua tu kinakwaruza kwa sababu ya ile rangi tunayopulizia magari. Barua yako nimeisoma, nimeiweka, nimetoka nje, nimetembea hadi mtoni na kurudi, nimeisoma tena. Ornella ananiuliza kwa nini sikai. Sijui kwa nini sikai.

Jibu ni hapana. Mwambie mtu yule hapana.

Unakumbuka mwalimu alivyokuwa akiita majina darasani? Di Biase, Di Cesidio, Di Nicola. Wa Biase, wa Cesidio, wa Nicola. Darasa zima lilikuwa la watu waliokwisha kufa, na sisi tumeshika tu majina yao. Wale watoto wa ukoo wa Di Cesidio walikaa mbele yangu. Walijua mimi ni damu yao, na kijiji kizima kilijua. Mwalimu akiita "D'Eusanio", wao hugeuka wakasema, "Huyu si wa Eusanio, ni wa mama yake." Kila asubuhi. Wakati huo mtu yule alikuwa wapi na jina lake?

Huku nako ni hivyo hivyo. Msimamizi wetu, mtu wa hapa hapa, alisoma orodha ya zamu akacheka: "Ninyi wa kusini kila mmoja ni wa fulani. Di huyu, Di yule. Hamna hata mmoja aliye wa nafsi yake?" Nikamwambia, "Na wewe Martinetti si mjukuu tu wa Martino fulani, tena mdogo mdogo?" Karakana nzima ikaangua kicheko, naye akanipa zamu mbaya. Baba mkwe wangu yeye hana makuu. Anasema Bertolino maana yake ni Bertolo mdogo, kwa hiyo mzee wa kwanza wa ukoo lazima alikuwa mfupi, ndiyo sababu mpaka leo wanapanda kiti kubadili balbu.

Na huyo Eusanio wetu alikuwa nani? Hata babu Gaetano hakujua. Pengine mchungaji, pengine mwizi wa kondoo. Lakini jina lake ndilo lililonifunika wakati hakuna mwingine aliyekuja na blanketi. Sasa nina miaka ishirini na minne, nina mke, nina ufunguo wa nyumba yangu, ndipo mtu aje na viatu vyeupe aniambie mimi ni wa Cesidio? Akae nalo jina lake.

Mwanao,
Panfilo

*

Colle Ansano, 3 Desemba 1978

Mwanangu,

Habari za kifua? Kunywa maziwa ya moto yenye asali, na ukivua nguo za kazi usiziingize chumbani anapolala Ornella. Huku theluji imeshafika mlimani lakini bado haijashuka. Mimi mzima.

Nilimwambia Quirino jibu lako. Sikulipunguza makali. Alizungusha kofia mkononi, akasema, "Ana haki," akaenda zake. Nikajua basi, huo ndio mwisho. Kesho yake nasikia vishindo juu ya kichwa changu, natoka na ufagio nikidhani ni paka, namkuta yeye juu ya paa anabadilisha vigae. Nikamwambia, "Shuka, utavunja shingo, na mimi ndiye nitakayesemwa." Akasema, "Watu wameshasema, Ersilia, sasa acha paa lisivuje."

Tangu hapo anakuja kila Jumapili baada ya misa. Mlango nauacha wazi na baridi inaingia, ili Iolanda akipita aone mezani kuna dengu tu. Na Jumapili iliyopita ameniomba niolewe naye.

Usitupe karatasi. Soma mpaka mwisho.

Nina miaka arobaini na tatu. Wewe unaniona mama na ndivyo inavyopaswa, ila mimi nikijitazama kwenye kioo si mama tu ninayemwona. Assunta anasema, "Mchukue, mwanamke hapewi nishani kwa kulala peke yake." Padri Berardo anasema ingekuwa vizuri mambo yakae katika mpangilio wake, na mimi nikamwuliza, mpangilio gani, baba, yaani mtoto, halafu miaka ishirini na minne, halafu harusi? Akakohoa.

Sijamjibu. Naenda kisimani na ndoo, narudi bila ndoo. Kinachonikera ni kimoja. Sijui kama ananitaka mimi au anatafuta njia ya kukufikia wewe. Maana katika ombi lake la kwanza mimi sikuwemo, ulikuwemo wewe na jina. Nikimtazama anavyokula dengu zangu naamini. Akiondoka siamini tena.

Niambie unavyofikiri. Lakini fikiri kwanza.

Mama yako,
Ersilia

*

Torino, 12 Desemba 1978

Mama,

Salamu. Sote wazima.

Nimefikiri kwanza, kama ulivyosema, na nimefikia pale pale. Mtu yule amezeeka, hana mtoto, anaogopa jina lake lizikwe naye. Nimekataa mimi, sasa anapitia kwako. Vigae ni chambo, Mama. Ulikuwa na miaka kumi na minane alipokuacha na tumbo. Babu Gaetano alikufungia ndani mpaka nilipozaliwa, wewe mwenyewe ulinisimulia, ukawa unaiona misa kupitia dirishani. Na huyo aliyesababisha yote yuko baharini anakula upepo. Leo anakula dengu zako.

Usimjibu lolote mpaka mwaka huu upite. Naomba hilo tu. Krismasi hatutaweza kuja, Ornella daktari amemkataza safari, nami nimebanwa na zamu.

Mwanao,
Panfilo

*

Colle Ansano, 20 Januari 1979

Mwanangu mpendwa,

Hamjambo? Mlisherehekea? Bado muda gani Ornella ajifungue? Nimemfumia mtoto soksi na kofia, sufi nyeupe, nitazituma dereva wa malori akipita. Mimi mzima wa mwili.

Quirino hayupo. Tangu sikukuu ya Epifania hajakanyaga hapa. Jumapili ile nilimwekea sahani, mchuzi ukaganda, nikaupasha, ukaganda tena. Nilikuwa nimeamua, Panfilo, nataka ujue hivyo. Mwaka ulikuwa umepita kama ulivyoniomba, na nilikuwa nimeamua kumpa jibu lake siku ile.

Nilikwenda kwa Iolanda. Aliniona nakuja akafunga dirisha. Iolanda, ambaye hajawahi kufunga dirisha kijijini akiwa na nafasi ya kuchungulia! Assunta amesikia kwamba yuko Pescara kwa binamu yake na anaulizia tiketi ya kurudi Caracas. Pale kwenye duka la mikate wanawake walinyamaza nilipoingia. Nimeujua ukimya ule zamani, haujabadilika hata harufu.

Silii. Nasugua. Nimesugua sakafu mpaka mbwa wa jirani anaogopa kuikanyaga. Nimefua mapazia yaliyokuwa safi. Nikikaa nasikia vigae vile juu yangu, havivuji hata tone, nami nakasirika kwamba havivuji.

Pengine ulisema kweli. Niandikie.

Mama yako,
Ersilia

*

Torino, 2 Februari 1979

Mama,

Nakusalimu. Ornella anakusalimu. Daktari anasema ni mwisho wa Machi. Soksi zimefika, zinamtosha mwanasesere, Ornella alicheka mpaka akalia.

Kuhusu lile jambo, sioni la kuongeza. Watu wa aina ile ndivyo walivyo. Shukuru kwamba ameondoka kabla hujavaa pete yake. Usihangaike kumtafuta. Pumzika. Baridi ikipungua utakuja Torino umlee mjukuu, utasahau.

Zamu inaanza, naishia hapa.

Mwanao,
Panfilo

*

Colle Ansano, 18 Februari 1979

Panfilo,

Leo sikusalimu, na nakuomba usome umekaa.

Nilikwenda Pescara. Assunta alinisindikiza, tulipanda basi la asubuhi. Nilisema nikamwone uso kwa uso, nimsikie akisema kwa mdomo wake kwamba alichotaka ni jina tu, nirudi nyumbani nipumzike. Tulimkuta kwenye karakana ya binamu yake anapiga randa mbao za dirisha. Aliponiona alikaa chini juu ya vumbi la mbao. Nikamwuliza, "Nilikukosea nini?" Akasema, "Hujanikosea." Nikamwuliza tena. Akasema, "Kijana ana haki." Nikasema, "Kijana gani?" Assunta akamwambia, "Sema, bwana, au nakaa hapa hapa na nina njaa."

Basi nimejua. Ulikuja. Siku moja kabla ya Epifania ulipanda treni ukashuka Popoli, ukampigia simu kupitia Iolanda, mkakaa baa ya stesheni. Ukamwambia akikanyaga tena mlango wangu, wewe hutaniona tena maishani mwako, na mtoto wako atakua bila kujua kwamba nyanya yake yuko hai. Ukamwambia achague kama anataka kuninyang'anya hilo pia. Naye akachagua kuondoka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliondoka kwa ajili yangu, na mimi nikawa nasugua sakafu nikimlaani.

Ulifika Popoli. Kutoka pale basi halichukui hata saa moja. Hukuja kwangu kula sahani ya supu.

Halafu ukaniandikia "watu wa aina ile ndivyo walivyo", na mkono wako haukutetemeka, nimeutazama mwandiko.

Jina ulilikataa, na ni haki yako, sikukulaumu hata kwa jicho. Lakini mlango ni wangu. Baba yangu aliufunga nisitoke. Wewe umeufunga mtu asiingie. Nitafutie tofauti, wewe uliyesoma. Nilikuwa binti wa Gaetano mpaka akafa, halafu nikawa mama wa Panfilo, na hilo la pili nililibeba kwa raha, sikuona uzito. Nilidhani aliyenifanya wa kwake kwa upendo hatanifungia.

Usije sasa. Na usipige simu pale baa.

Ersilia

*

Torino, 9 Aprili 1979

Mama yangu,

Nakusalimu, hata kama hutaki salamu zangu. Nimeandika barua nyingi tangu Februari na hakuna niliyoitia kwenye bahasha.

Mtoto amezaliwa. Ni msichana, mzima, na Ornella mzima, ingawa uchungu ulikuwa mrefu na nilizunguka ile korido ya hospitali mpaka mtawa mmoja akaniambia, "Bwana, kaa, unatuchakazia sakafu." Anaitwa Mirella. Anafanana na wewe akikasirika, na amekasirika tangu alipofika.

Ornella alikuwa ameikuta barua yako mfukoni mwa koti langu. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. Alisema, "Ulitumia tumbo langu kumtishia mama yako? Hata hujaniuliza?" Akaongeza, "Ukimfungia yule mama mlango, mimi na mtoto tutapitia dirishani." Siku zile zilipita kwa maneno ya chumvi na sukari tu, nipe hiki, shika kile.

Nikueleze Popoli. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa ngumi. Nilikuwa nimezipanga hoja zote njiani, stesheni baada ya stesheni. Akaingia mtu mwembamba, koti jepesi, pua nyekundu kwa baridi. Nikamwuliza kwa nini alikimbia. Nilingoja visingizio. Akasema, "Niliogopa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikaogopa babu yako, nikaogopa wewe, nikapanda meli." Basi. Hakunipa mahali pa kupiga. Halafu akakwaruza nyusi kwa kidole gumba, na Mama, mimi ndivyo ninavyofanya, Ornella hunicheka kila siku. Hapo nikapandwa na wazimu. Nilijiona nimo ndani ya mtu ambaye sikumruhusu. Nikayasema yale niliyoyasema, na nilipoona yanamchoma nikayasema zaidi. Basi la kwenda kwako lilikuwa limesimama nje, injini inanguruma. Nilipanda ngazi moja nikashuka. Nisingeweza kukutazama.

Nilikuogopa, Mama. Nilipoona umeandika kwamba unajitazama kwenye kioo, nikaogopa kwamba kuna Ersilia ambaye simjui, na kwamba atanihitaji kidogo zaidi kila Jumapili.

Sasa nasema hivi. Kama amebaki Italia, mwambie nitakuja nisaini. Niwe Di Cesidio, na Mirella awe Di Cesidio, yaishe. Pangeni siku. Ukitaka nimwombe radhi mbele ya kijiji, nitamwomba. Sitaki tu uendelee kunyamaza.

Nisamehe.

Mwanao, kama bado,
Panfilo

*

Colle Ansano, 29 Aprili 1979

Mwanangu Panfilo,

Mungu awape afya wewe na Ornella, na Mirella wetu akue. Maziwa yanatosha? Anyweshwe kila akililia, hayo mambo ya kutazama saa ni ya kiwanda si ya mtoto. Kifua chako je? Mimi sijambo, nalala vibaya ila nakula vizuri.

Barua yako nilimsomea Assunta kwa sauti, si yote. Alilia, akasema, "Kijana mjinga, lakini anaandika." Nimekusamehe, ila bado nina hasira, na viwili hivi vinakaa pamoja, usinichagulie kimoja.

Hutasaini kitu. Nani amekuambia usaini kwa ajili yangu? Nilikuuliza, ukasema hapana, na hapana ile ilikuwa safi. Usiichafue sasa kwa kunilipa nayo fidia. Kaka zangu wote wamezaa mabinti, unajua hilo? Nao wameolewa na kuzaa watoto wa majina mengine. Marehemu baba yangu aliyesema nimelitia doa jina la Eusanio hakuacha mwingine wa kulipeleka mbele ila mimi, kupitia kwako, na sasa mtoto wa Torino mwenye hasira. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza.

Quirino yuko hapa. Hakununua tiketi. Nilikwenda mwenyewe tena Pescara mwezi wa Machi, safari hii bila Assunta, nikamwambia tukae kwenye benchi kando ya bahari. Nikamwambia, "Panfilo hatakuwa Di Cesidio. Si mwaka huu wala mwaka ujao. Jina lako litakwisha nawe. Bado unataka kuoa?" Alikwaruza nyusi kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Nilipotoka kule nilidhani nakuja kutafuta mtoto. Lakini hapa Pescara sikumkumbuka mtoto, maana simjui. Nilikukumbuka wewe unavyonifokea nikiwa juu ya paa."

Si maneno ya kwenye kadi. Nimeyakubali hivyo hivyo.

Ni Jumamosi tarehe 19 Mei, manispaa kwanza, halafu Padri Berardo, ambaye amefurahi kana kwamba wazo lilikuwa lake. Karani anasema kwa sheria mpya nitabaki na jina langu hata nikiolewa, linaongezwa tu la mume kwa nyuma. Nikamwambia aandike vyovyote, mimi watu wataendelea kuniita Ersilia.

Siwezi kusema nimetulia. Nimefungua kabati mara ngapi sijui kutazama gauni. Naogopa ataamka siku moja aone milima hii na kutamani meli. Naogopa mimi ndiye nitakayeamka nimtake aondoke, nimezoea kuishi na kijiko kimoja. Lakini hofu hii nimeichagua mwenyewe, na ni mara ya kwanza.

Njooni. Ornella alete koti, jioni bado kuna baridi. Mtakaa chumba chako, kitanda nimekipanua kwa ubao. Quirino atawangoja pale basi linaposimama, nimemwambia asije, amesema atakuja, na ameshanunua viatu vyeusi. Hulazimiki kumkumbatia. Hulazimiki kumwita baba, yeye mwenyewe amesema hataki neno asilolifanyia kazi. Ukishuka mwite Quirino, jina lake la kwanza, kama ninavyomwita mimi. Anaitika.

Mama yako,
Ersilia